KUPIMIANA NGWE KWA HAKI

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi katika gazeti letu hili nipate kusema na wanachama wenzangu juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amelinung'unikia kwa siri, lakini si wengi waliolisimamia mbele ya mkutano. Jambo lenyewe ni hili: kazi iliyopewa watu wengi pamoja igawanywe namna gani hata kila mtu apate fungu lake kwa haki, asiwepo wa kuchoka badala ya wengine, wala asiwepo wa kula sifa ya jasho asilolitoa?

Najua kuwa wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, na kwamba watu wakiwa na mapenzi mema kazi hujigawa yenyewe. Mimi nami nalidhani hivyo kwa miaka mingi, mpaka matofali yaliponifundisha.

Zamani kidogo nalikuwa mtumishi katika kata ya Zombo, wilaya ya Kilosa, upande wa kwendea Mikumi. Kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, kiliazimia kujenga nyumba ya mwalimu. Mpango ulikuwa kama ilivyo desturi katika nchi yetu: wanakijiji watoe nguvu zao, yaani matofali, mchanga, mawe na maji, na kwa upande wa Serikali zije bati, saruji na fundi. Nikachaguliwa kuwa katibu wa kamati kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Na kwa kuwa nilikuwa karani, nikadhani kuwa kugawa kazi ni kugawa hesabu. Kaya zilikuwa 40, na matofali yaliyotakiwa yalikuwa 20,000. Nikashika kalamu, nikagawa, kila kaya nikaiandikia matofali 500. Nikapiga mistari kwa rula, nikatia sahihi, nikaenda kulala usingizi mwema, maana hesabu haikubakisha hata tofali moja.

Lakini tazameni jinsi mambo yalivyokuwa nje ya daftari. Kaya moja katika orodha yangu ilikuwa na vijana watano wenye nguvu, nayo ilikaa karibu na mto. Kaya nyingine ilikuwa ya mama mjane mwenye watoto wadogo, naye alikaa juu kilimani, mbali na maji na mbali na udongo mwema. Kwa wale vijana matofali 500 yalikuwa kazi ya siku chache, wakamaliza wakienda na kurudi kwa mzaha na nyimbo. Kwa yule mama yalikuwa kazi ya mwezi mzima, na mwezi wenyewe ulikuwa wa kutayarisha shamba. Aidha, tofali halifanywi kwa kufyatua tu. Kwanza udongo huchimbwa, maji huchotwa, udongo hukandwa; ndipo watu hufyatua kwa kalibu, wakaanika, wakageuza; kisha kuni hukatwa na kubebwa, tanuri hupangwa, moto hulindwa usiku na mchana. Daftari langu lilikuwa na safu moja tu, nayo ni ya matofali yaliyofyatuliwa. Wanaume wengi walishika kalibu wakaandikwa. Wanawake wengi walibeba ndoo na kuni, nao hawakuandikwa popote, kwa sababu mimi katibu sikuwawekea mahali pa kuandikwa.

Manung'uniko yakaanza, na baada ya majuma machache ukaitishwa mkutano. Maneno yalikuwa mengi na makali. Katikati ya maneno hayo mzee mmoja alisimama, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu karani, katika daftari lako hilo, jina lako liko ukurasa wa ngapi?" Nikajibu, "Mzee wangu, mimi ndiye ninayeandika." Akasema, "Nimesikia. Basi tutamlaza mwalimu juu ya karatasi." Watu wakacheka, nami nikainama. Sikuwa na jibu, maana ni kweli kwamba nilikuwa nimewagawia watu wote kazi nisijigawie mimi, na kuandika majina 40 ilikuwa kazi ya nusu saa.

Mwaka ule hatukufikia hata nusu ya hesabu. Wale waliomaliza mapema waliona wenzao hawajamaliza, wakakataa kusaidia. Na wale walioelemewa waliona kuwa hata wakijikaza hawatamaliza, wakaacha kabisa. Matofali yalikaa mabichi bila kuchomwa, kwa kuwa kuni hazikuwa za mtu yeyote katika orodha. Mvua za vuli zikaja. Asubuhi moja nikaenda kutazama, nikakuta safu za matofali zimelainika na kuangukiana, zimerudi kuwa udongo kama zilivyokuwa. Mwalimu akaendelea kukaa mbali na shule, na watoto wakaendelea kumngoja.

Tangu siku ile nimelitafakari sana jambo hili, na mawazo yangu ni kwamba wazee wetu walikuwa na neno lililo bora kuliko daftari langu. Neno hilo ni ngwe. Kila aliyelima pamoja na wenzake alijua maana yake: ni kipande cha shamba alichokatiwa mtu mmoja akilime. Neno lenyewe ni ndugu wa ugwe, yaani kamba, kwa kuwa kipande hicho hupimwa kwa kamba. Ngwe hupimwa mbele ya macho ya watu, kabla jembe halijaingia udongoni, na kila mtu huona ngwe ya mwenziwe kama aonavyo yake. Mpimaji mwenye akili huikata fupi ngwe yenye visiki, na hukata ndefu ile yenye udongo laini. Kwa hiyo kamba haikuwekwa ili ngwe zote ziwe na urefu mmoja. Iliwekwa ili uzito wake uwe mmoja, na atakayesema kuwa ameonewa aweze kuonyesha kwa kidole mahali alipoonewa.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza: nilipima urefu, nikadhani nimepima uzito. Na kosa hili si la kijijini tu. Chukueni mfano wa Sensa ya Watu na Makazi iliyofanywa tarehe 23 Agosti 2022, ambayo ilihesabu watu 61,741,120 katika nchi yetu. Kazi kubwa namna ile haiwezekani bila kugawanywa, nayo hugawanywa kwa kuikata nchi katika maeneo ya kuhesabia, kwa kukadiria wingi wa kaya ambao karani mmoja aweza kuwahesabu. Ni njia njema, wala sijui iliyo bora kuliko hiyo kwa hesabu ya taifa. Lakini karani wa mjini hutoka mlango huu akaingia mlango ule, na karani wa vilima vya Kilosa hupanda, akashuka, akavuka kijito, akakuta wenyewe wako shambani, akarudi tena jioni. Kwa kaya wamelingana, kwa miguu hawakulingana hata kidogo. Msimamizi aliye na haki hulijua jambo hilo kabla ya kuuliza kwa nini fulani amechelewa.

Sasa nitajibu neno moja ambalo nimelisikia mara nyingi, tena kwa watu wa heshima. Husema, "Ujima ni hiari na mapenzi. Ukianza kuandika nani kaja na nani hakuja, umetuletea kipande." Neno hili lina uzito, wala si la kudharauliwa, hasa katika wilaya ya Kilosa ambako mashamba ya mkonge yalikuwa mengi na kipande kilijulikana sana. Wasiokijua, kipande kilikuwa kadi ya mfanya kazi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku iliyofanywa ikatiwa alama, na mshahara haukulipwa mpaka siku zote 30 zitimie. Aliyetia alama alikuwa upande wa mwenye shamba. Mfanya kazi hakuwa na daftari lake la kulinganisha.

Na kabla ya hapo yalikuwako mabaya zaidi. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 Serikali ya Wadachi iliamuru watu wa sehemu za pwani na kusini walime pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya majumbe na maakida. Yaliitwa mashamba ya pamoja, lakini kulima ndiko kulikokuwa kwa pamoja. Hesabu na mavuno vilikuwa vya wengine, na malipo ya mlimaji yalikuwa senti chache hata wako waliokataa kuzipokea. Kazi ile ilikuwa mojawapo ya sababu za Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwezi wa Julai 1905 katika nchi ya Umatumbi, vikaenea hata kufika pande zetu za Kilosa na Morogoro katika mwaka uo huo. Siwezi kumlaumu mzee ambaye, kwa kukumbuka masimulizi hayo, hushtuka aonapo karani na daftari lake karibu na jembe.

Walakini tuchungue vizuri. Ubaya wa kipande na ubaya wa shamba la pamba haukuwa katika kuandika. Ubaya ulikuwa kwamba aliyeandika hakulima, na aliyelima hakusoma. Daftari linalofungwa ni chombo cha kumtawala mtu. Daftari linalosomwa kwa sauti mbele ya wote, lenye jina la mwandishi wake katika orodha, ni kamba ya ngwe ileile ya wazee. Tena kazi isiyoandikwa haigeuki kuwa hiari kwa sababu haikuandikwa. Huwaangukia wale wasioweza kukataa, nao ni wanawake, vijana wasio na cheo, na watu wenye haya.

Mwalimu Nyerere mwenyewe aliliona jambo hili. Katika andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967 aliusifu udugu wa jamaa zetu za zamani, ambamo kila mtu alikuwa na wajibu wa kufanya kazi. Lakini hakuficha kwamba katika maisha yale wanawake walibeba kazi za shamba na za nyumbani kupita fungu lao la haki, na akasema kuwa hilo halipatani na usawa tunaoutaka. Hivyo hata aliyetaka turudi katika udugu hakutaka turudi na dhuluma iliyokuwa ndani yake.

Na miaka iliyofuata ilitufundisha upande wa pili. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilipokwisha kupita, na watu wengi wakiwa wamekwisha kuhamishiwa vijijini, mashamba ya kijiji yalilimwa mahali pengi kwa kuhesabu mahudhurio. Aliyefika na kuegemea mpini wa jembe aliandikwa siku, na aliyefika akalima hata jua likasimama utosini aliandikwa siku ileile. Haukupita muda mrefu yule wa pili akajifunza kuegemea kama wa kwanza, akaziweka nguvu zake akiba kwa shamba lake mwenyewe. Watu wakasema kuwa wakulima wamekuwa wavivu. Mimi nadhani walikuwa wamesoma daftari wakalielewa. Kinyume cha hayo, huko Ruvuma, kijiji cha Litowa na vingine vilivyoungana nacho katika chama chao cha maendeleo, mpaka chama hicho kilipovunjwa kwa uamuzi wa TANU mwezi wa Septemba 1969, vilijulikana kwa jambo moja kubwa: wanachama walikutana wenyewe wakapanga kazi na kuijadili.

Hata katika nchi za mbali jambo hili lilipimwa. Alikuwako Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, mtaalamu wa mitambo ya kilimo, ambaye aliwapa watu kamba waivute akapima nguvu yao kwa chombo, akachapisha habari zake mwaka 1913. Alikuta kwamba kila idadi ya watu ilipoongezwa, nguvu ya kila mmoja ilipungua. Walipovuta wanane pamoja, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu aliyoitoa alipovuta peke yake. Sababu moja ilikuwa kwamba si rahisi watu wengi kuvuta kwa wakati mmoja. Wataalamu waliokuja baadaye wakaonyesha sababu nyingine: mtu asipoona nguvu yake ikipimwa peke yake, huilegeza, mara nyingi pasipo kujua. Hapo nikawafahamu wale watu wa Zombo, nikajifahamu na mimi. Hatukuwa watu wabaya kuliko wengine. Tulikuwa tumeishika kamba moja ambayo haikuonyesha mkono wa mtu.

Basi nisimulie na mwaka wa pili, maana sitaki kuwaacheni katika matope ya matofali. Yule mzee alikubali kuwa mwenyekiti, nami nikabaki katibu, lakini kwa masharti. Sharti la kwanza, jina langu liwe la kwanza katika orodha. Sharti la pili, mimi nigawaye nichague mwisho, baada ya watu wote kuchagua. Sharti la tatu, kabla ya kugawa chochote, tufanye kazi zote kwa pamoja asubuhi moja ili tuone kila kazi ina uzito gani.

Tukakutana mtoni tangu saa kumi na mbili mpaka saa nne. Wengine walichimba, wengine walichota, wengine walifyatua, wengine walikwenda kutafuta kuni. Tukaangalia mtu wa kadiri, asiye hodari sana wala dhaifu, afanya kiasi gani katika muda ule. Na kiasi hicho tukakiita ngwe moja ya kazi hiyo. Hivyo tukapata ngwe ya maji, ngwe ya udongo, ngwe ya kufyatua, ngwe ya kuni na ngwe ya tanuri. Hesabu zenyewe sitaziandika hapa, kwa kuwa ni za mto ule na kilima kile, na mahali pengine pana umbali wake. Lakini siku ile niliona wanaume waliokuwa wakidharau kazi ya maji wakishuka mtoni mara tatu na ndoo kichwani, na mara ya nne hakuna aliyedharau.

Baada ya hapo ngwe zikagawanywa kwa watu wenye uwezo. Hapo likaja neno gumu. Wale wa kaya ya vijana watano walisema, "Tunaadhibiwa kwa kuwa wengi." Nao hawakuwa wajinga katika kusema hivyo, kwa maana mwalimu ni mmoja na nyumba ni moja. Wengine wakasema kwamba wenye nguvu nyingi ndio wenye kutoa nyingi. Tukabishana siku mbili, mwisho tukakubaliana katikati, kwamba kaya isidaiwe zaidi ya watu watatu hata ikiwa na zaidi. Sidhani kuwa hiyo ndiyo haki kamili. Ilikuwa haki ambayo wote waliisikia ikikatwa, na kila mtu alijua imekatwa kwa sababu gani.

Wazee wasioweza kubeba walipewa kulinda tanuri usiku, wakaandikiwa ngwe nzima. Bibi wawili walipewa kuwalea watoto wadogo asubuhi za kazi, wakaandikiwa ngwe nzima vilevile. Vijana wakanung'unika, wakasema kukaa kivulini na watoto si kazi. Yule mama mjane akawajibu kwa neno moja tu, akasema, "Basi leo watoto wangu mtawashika ninyi, mimi nitafyatua." Hawakurudia tena.

Mimi, kwa kuwa nilichagua mwisho, nikaachiwa kuni za mbali. Mikono yangu iliyozoea kalamu ikatoka malengelenge, na siku ya kwanza nilibeba mzigo mdogo hata watoto wakanionea huruma. Lakini kila Jumapili jioni niliposoma daftari kwa sauti, nikaanza na jina langu na hesabu ya mizigo yangu, hapakuwa na mtu aliyeniuliza ukurasa wa ngapi.

Sisemi kwamba mambo yote yalinyoka. Kaya mbili hazikuja kabisa. Baadhi ya watu walitaka watoto wa kaya hizo wazuiwe shule, nayo kamati ikakataa, na mimi naona ilifanya vema, kwa sababu watoto hawakuwa wadeni wa ngwe yoyote. Tulilofanya ni kusoma majina yao kila juma kama tulivyosoma mengine, pamoja na neno "bado". Kaya moja ilileta kuni mwishoni. Ya pili haikuleta kitu, na nyumba ikajengwa bila yake. Tanuri likawashwa kabla ya mvua.

Wengine watasema kuwa tulikuwa wapole mno. Huenda. Kwa Wachaga wa Kilimanjaro, ambao tangu zamani huleta maji mashambani kwa mifereji iliyochimbwa kwa mikono ya wengi, desturi ilikuwa kwamba asiyetokea siku ya kusafisha mfereji hutozwa faini au hupoteza zamu yake ya maji. Adhabu hiyo ina akili, maana inalingana na faida: usiposafisha, hunyweshi. Bibi Elinor Ostrom wa Marekani, aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza mifereji, misitu na malisho ya pamoja katika nchi nyingi, akaona kwamba ushirika unaodumu ni ule ambao mzigo wa mtu hulingana na faida yake, na wasimamizi wake huwajibika kwa wale wanaowasimamia. Lakini nyumba ya mwalimu si maji ya mfereji. Huwezi kumpimia mtoto masomo kwa kikombe. Kwa hiyo adhabu nayo yataka kupimwa kwa kamba, isije ikamwangukia asiye na kosa.

Sasa, wanachama wenzangu, nirudi nyumbani kwetu, maofisini. Je, sisi makarani twapimiana ngwe? Wakati wa kutayarisha makadirio ya mwaka, au taarifa ya robo, kazi huandikwa kuwa ni ya watu sita. Katika sita hao, mmoja ajua kutumia kompyuta vizuri, basi majedwali yote huwekwa mezani pake, na kwa kuwa ayafanya vema, mwaka ujao huongezewa. Wenzake husema kwa kumsifu, "Mpeni fulani, yeye ni hodari." Sifa hiyo ni shogi lililotiwa nakshi, na aliyeko chini yake bado ni punda. Aliyelegea hupunguziwa kwa sababu amelegea, na aliyejitahidi huongezewa kwa sababu amejitahidi. Kisha twashangaa kwamba vijana waingiao kazini wakiwa na moto hupoa katika mwaka mmoja. Dawa yake ni kwamba ajuaye apewe ngwe ya kufundisha, nayo ihesabiwe kuwa kazi, ili mwaka wa pili wajuao wawe wawili, na mwaka wa tatu wanne.

Iko na kazi ya ndoo na kuni katika ofisi zetu, ambayo haina safu katika daftari: kupiga simu za kuwakumbusha watu, kutafuta jalada lililopotea, kupanga viti vya mkutano, kuandika kumbukumbu, kuchemsha chai ya wageni. Tazameni ni nani afanyaye hayo. Aghalabu ni karani mwanamke, au yule aliyeajiriwa juzi. Naye siku ya kupima utendaji huulizwa, "Umefanya nini?" Hawezi kujibu kwa sababu alilolifanya halikuwa na jina.

Na chama chetu je? Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali katika nchi hii kilianzishwa Tanga mwaka 1922, chini ya uongozi wa Martin Kayamba, naye alikuwa karani kama sisi. Vyama vya namna hii tangu hapo vimeishi kwa kazi isiyo na mshahara, na kazi isiyo na mshahara ndiyo inayotaka haki zaidi, kwa kuwa anayeonewa hana hata posho ya kumtuliza. Gazeti hili ulilolishika mkononi, ndugu msomaji, nani aliyeandika stensili zake? Nani aliyezungusha mashine? Nani aliyekunja kurasa na kuzipeleka kituo kwa kituo? Nani aliyezunguka kukusanya ada, akaambiwa "njoo mwisho wa mwezi"? Ninaowajua mimi ni watu watatu au wanne, mwaka baada ya mwaka, na sote wengine huwalaumu likichelewa.

Kwa hiyo naleta maombi haya mbele ya mkutano mkuu ujao. Kazi zote za chama ziandikwe katika karatasi moja, kubwa na ndogo, pamoja na zile zisizo na jina. Kila kazi ipimwe kwa uzito wake na watu waliokwisha kuifanya, wala si kwa makisio ya wasioifanya. Kila mwanachama achague ngwe yake, na wagawaji, yaani wenyekiti na makatibu, wachague mwisho. Orodha isomwe kwa sauti katika kila mkutano, ikianza na majina ya viongozi. Na mtu akipatwa na ugonjwa au msiba, ngwe yake igawanywe upya mbele ya wote, isiachwe imwangukie jirani yake kimyakimya.

Hayo si mambo mapya. Ni kamba ileile iliyowekwa shambani na watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Sisi tujuao kusoma na kuandika tumepewa kalamu kuwa badala ya kamba, na haitupasi kujificha nyuma yake. Nikiwapo mkutanoni nitaomba jina langu liandikwe la kwanza katika karatasi hiyo, nami nitachukua ngwe itakayobaki. Nadhani itakuwa ya kukusanya ada.

Wasalaam.

Mimi ni ndugu yenu katika kazi,
KARANI WA ZOMBO